Kuku uliyemla jana alikaguliwa na nani?

Na Daktari Wetu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani msemo huo unawahusu wenye maduka pekee. Leo, msomaji, nakuomba tuutumie kwa jambo lililo karibu nawe zaidi, yaani kuku aliye kwenye sahani yako.

Unapoingia buchani kununua nyama ya ng'ombe, unaweza kuinua macho ukaona muhuri wa wino kwenye paja lililotundikwa. Alama hiyo hukuambia kwamba mtu aliyesomea kazi hiyo aliitazama nyama kabla yako. Kuku aghalabu hana alama ya namna hiyo. Utamkuta amenyonyolewa na kuwekwa kwenye jokofu la duka, au amekwisha kukaangwa na kukatwa robo robo. Hata kama alikaguliwa, ngozi yake haisemi. Kinachoweza kusema ni maandishi yaliyowekwa siku alipochinjwa. Ndiyo maana nasema kwamba muhuri wa kuku ni kumbukumbu yake. Ikiwa kumbukumbu hiyo haipo, au ipo lakini hakuna awezaye kuisoma kwa wakati, wewe na mimi tunakula kwa kubahatisha.

Katika makala haya nitaeleza kwa nini kumbukumbu za ukaguzi wa nyama ya kuku zinafaa kuwekwa kwa kompyuta, jinsi zinavyomsaidia daktari anayekutibu, na mahali ambapo hata kompyuta haitakuokoa.

Safari ya kuku wa Marani

Tuchukue Marani kuwa mfano. Marani iko kaskazini mwa mji wa Kisii, katika eneo bunge la Kitutu Chache Kaskazini. Ni nchi ya vilima, migomba na mashamba madogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na kila kilomita moja ya mraba ilikuwa na zaidi ya watu 950. Mahali ambapo ardhi ni haba hivyo, kuku ni mfugo wa maana sana. Hahitaji malisho ya ekari nzima. Hulipa karo, hununua dawa, na mgeni wa heshima akifika huchinjiwa.

Sasa mfuate kuku huyo. Mama mmoja anafuga kuku ishirini wa kienyeji nyuma ya jikoni. Broka anapita kwa bodaboda akiwa na tenga, ananunua watatu hapa, watano kule Kegogi, wanne Sensi, wengine Monyerero. Tenga likijaa anateremka nalo hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Pale kuku wa boma kumi huchanganywa na kuuzwa tena, wengine kwa wenye hoteli za mjini, wengine kwa wafanyabiashara wanaowasafirisha mbali. Kijana aliyejenga banda la kuku wa gredi naye ana njia yake. Anawauza mia moja kwa siku moja kwa mteja mmoja, kisha anaingiza vifaranga wapya.

Kufikia wakati nyama inapofika mezani kwako, imepita mikono minne au mitano. Muulize mwenye hoteli alikomtoa kuku, atakujibu, "Sokoni." Muulize wa sokoni, atakujibu, "Kwa broka." Broka naye atakwambia, "Kwa watu." Hapo ndipo habari inapopotea.

Mkaguzi hutazama nini

Ukaguzi wa nyama nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, iliyotungwa mwaka 1972. Chini yake kuna kanuni mahususi zinazohusu nyama ya kuku na ndege wengine wafugwao. Wakaguzi wetu husomea kazi hiyo katika taasisi ya mafunzo ya nyama iliyoko Athi River.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza, kuku hutazamwa wakiwa hai. Mkaguzi huangalia kama kuna aliyejikunyata, aliyevimba kichwa, aliyepinda shingo, mwenye upanga uliogeuka rangi ya zambarau, au anayeharisha kinyesi cha kijani. Huhesabu pia waliokufa njiani. Dalili kama hizo zinaweza kuashiria ugonjwa wa Newcastle, ambao wengi huuita kideri, au homa ya ndege.

Pili, baada ya kuchinjwa na kunyonyolewa, mkaguzi hutazama ngozi, tumbo lililopasuliwa, ini, wengu, moyo na vifuko vya hewa. Ini lenye madoadoa, tumbo lililojaa maji, uvimbe wa ajabu, vifuko vya hewa vyenye ukungu na usaha, mwili uliokonda kupita kiasi, au nyama iliyopakwa kinyesi wakati wa kutoa matumbo, yote ni sababu za kukataa sehemu fulani au kuku mzima.

Jambo moja lazima lieleweke. Vijidudu viwili vinavyoongoza kwa kuwaletea walaji wa kuku maradhi ya tumbo, Salmonella na Campylobacter, mara nyingi hukaa ndani ya kuku asiyeonyesha dalili yoyote. Ini lake ni zuri na nyama yake inang'aa. Hakuna jicho la mkaguzi, hata liwe kali vipi, linaloweza kuviona. Hugunduliwa kwa kupima sampuli katika maabara, na huzuiwa kwa usafi na baridi ya kutosha. Kwa hivyo kumbukumbu nzuri ya kichinjio haiandiki tu kile kilichoonekana. Huandika pia kilichopimwa, kama vile joto la jokofu, matokeo ya sampuli, saa ya kusafisha vyombo, na siku kuku alipopewa dawa kwa mara ya mwisho.

Daftari lina kasoro zake

Sisemi daftari la karatasi ni kitu kibaya. Mkaguzi mwenye daftari lililoandikwa vizuri ana faida kubwa kuliko mwenye kompyuta iliyofungiwa kabatini. Lakini daftari lina kasoro tatu ambazo zinagusa afya yako moja kwa moja.

Ya kwanza ni uchelewaji. Kwa kawaida mkaguzi hujumlisha hesabu zake mwishoni mwa mwezi na kuzituma ofisini. Kuku wa gredi hukomaa kwa wiki tano au sita. Ugonjwa ulioonekana kwenye kichinjio tarehe 3 ukifika mezani kwa daktari wa mifugo tarehe 5 ya mwezi unaofuata, vifaranga wapya wa banda lile wamekwisha kukua karibu nusu au zaidi, na huenda wameshaambukizwa.

Ya pili ni lugha. Mkaguzi mmoja ataandika "ini bovu." Mwingine ataandika "ini lina madoa." Wa tatu ataandika "ugonjwa." Huenda wote watatu waliona kitu kimoja, lakini ukijumlisha maandishi yao utapata vitu vitatu tofauti.

Ya tatu ni kwamba daftari halijilinganishi lenyewe. Hebu tazama mfano huu, ambao nimeubuni ili hesabu ieleweke. Mfugaji analeta kuku 60, na 3 wanakataliwa kwa sababu ya vifuko vya hewa. Hiyo ni asilimia 5. Baada ya wiki saba analeta 60 wengine, na 6 wanakataliwa, yaani asilimia 10. Wiki saba nyingine, wanakataliwa 9, ambao ni asilimia 15. Katika daftari habari hizo ziko kurasa tatu zilizo mbali, na huenda ziliandikwa na wakaguzi watatu. Kila mmoja aliona kuku wachache wabaya akaenda zake. Hakuna aliyeona kwamba banda lile linazidi kuugua.

Kompyuta hufanya nini hasa

Kompyuta hapa si lazima iwe mtambo mkubwa wa ofisini. Simu ya mkononi yenye programu inayofaa inatosha. Mkaguzi huandika jina au nambari ya mfugaji, mahali kuku walikotoka, aliyewasafirisha, idadi waliofika, waliokufa njiani, waliochinjwa, waliokataliwa na sababu. Sababu huchaguliwa kutoka orodha moja inayotumiwa na wakaguzi wote, ili "ini bovu" la Marani liwe sawa na la Mombasa. Mwisho huandika nyama ilipelekwa kwa nani.

Programu hufanya mambo manne ambayo daftari haliwezi. Hukataa kosa la wazi. Ukiandika kwamba walichinjwa kuku 60 na wakakataliwa 70, itakuuliza tena. Pili, hukokotoa asilimia papo hapo, na hilo ni jambo kubwa, maana kuku 6 waliokataliwa kati ya 40 ni habari tofauti kabisa na 6 kati ya 400. Tatu, hulinganisha kuku wa leo na wa mara zilizopita kutoka banda lilelile, na ikiwa hesabu inapanda hutoa tahadhari. Nne, hupeleka habari hiyo siku ileile kwa daktari wa mifugo, ambaye anaweza kumtembelea mfugaji kabla vifaranga wapya hawajaugua. Pengine atakuta takataka zilizolowa bandani, hewa nzito ya kinyesi cha kuku, au chanjo iliyosahaulika.

Utaona basi kwamba mtu wa kwanza kunufaika ni mfugaji mwenyewe. Kuku 9 waliotupwa ni hasara yake. Asiyejua sababu atapata hasara hiyohiyo tena, na pengine ataamua kununua dawa bila ushauri na kuichanganya kwenye maji ya kuku. Hilo nalo linarudi kwetu sisi madaktari. Dawa za kuua bakteria zikitumiwa ovyo kwa mifugo huzaa vijidudu sugu, na kuku akichinjwa kabla ya muda wa kusubiri kwisha, mabaki ya dawa hubaki ndani ya nyama.

Vilima vya Gusii vina sehemu ambazo mtandao wa simu hupotea, na stima nayo hukatika. Kwa hivyo programu inayofaa ni ile inayohifadhi habari ndani ya simu na kuzituma mtandao unaporudi. Vilevile iwe haifuti maandishi ya zamani. Mtu akisahihisha, maandishi ya kwanza, jina lake na saa aliyosahihisha vibaki. Bila hilo, kompyuta itakuwa daftari la penseli.

Daktari anahusikaje?

Sasa tuje upande wangu. Chukulia kwamba kuna harusi Marani siku ya Jumamosi. Wageni mia mbili wanaandaliwa wali, mboga na kuku. Salmonella huweza kuleta dalili kuanzia saa sita hadi siku sita baada ya mtu kula. Campylobacter kwa kawaida huchukua siku mbili hadi tano. Kuanzia Jumapili watu wanaanza kuhara, kutapika, kuumwa na tumbo na kupata homa. Lakini wageni wamekwisha kutawanyika. Watano wanaenda hospitali ya Marani, watatu wanaonwa mjini Kisii, wawili wako Nairobi, na wengi wanabaki nyumbani wakinywa chai ya rangi.

Kila daktari anaona mgonjwa wake mmoja au wawili wa kuharisha. Hakuna cha kushtua. Akiuliza, "Ulikula nini?" mgonjwa anajibu kwamba alikula arusini. Ikiwa daktari ni mwangalifu na akampigia afisa wa afya ya umma, afisa atamtafuta mpishi. Mpishi atamtaja muuzaji. Muuzaji atasema, "Sokoni." Uchunguzi umekufa hapo, na nyama ya kichinjio kilekile inaendelea kuuzwa.

Kumbukumbu ingekuwepo, swali hilo lingechukua dakika chache. Tarehe fulani, kichinjio fulani, kuku 80 kutoka mabanda mawili, jokofu lilikuwa na joto la nyuzi kadhaa, nusu walipelekwa kwa mpishi huyu na nusu kwa hoteli ile. Afisa anaenda kwenye ile hoteli nyingine kabla watu hawajaugua. Hapo ndipo maandishi yanapokuwa dawa.

Wengi wetu hupona maradhi haya kwa siku chache bila dawa yoyote isipokuwa maji. Lakini watoto wachanga, wazee, wajawazito na wenye upungufu wa kinga huweza kuzidiwa. Katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, aina za Salmonella zisizoleta homa ya matumbo huweza kuingia kwenye damu, hasa kwa watoto wenye malaria au utapiamlo na kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Si kila mara hutoka kwa kuku, lakini zikishaingia kwenye damu huua. Campylobacter nayo, kwa watu wachache, hufuatwa na ugonjwa wa neva unaolegeza miguu na mikono, uitwao Guillain-Barré.

Wenzetu wa ng'ambo

Tusidhani kwamba wenzetu walizaliwa na mpango huu. Marekani ilianzisha huduma ya serikali ya kukagua kuku mwaka 1926, baada ya ugonjwa mkali wa ndege kuyakumba masoko ya New York mwaka 1924. Sheria iliyolazimisha ukaguzi wa kuku wanaouzwa kutoka jimbo moja hadi jingine ilikuja mwaka 1957. Mwaka 1989 wakaguzi wao walianza kupangiwa kazi na kuweka matokeo kwa mfumo wa kompyuta, na mwaka 2011 mfumo huo ulianza kubadilishwa na mwingine mpana zaidi, unaounganisha ukaguzi, sampuli za maabara na taarifa za viwanda mahali pamoja.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2006, mfugaji wa kuku anatakiwa kutuma taarifa za kundi lake kwenye kichinjio kabla ya kuku kuchinjwa. Hueleza maradhi waliyougua, dawa walizopewa na matokeo ya vipimo. Mkaguzi anapomwona kuku, tayari anajua historia yake, kama mimi ninavyofungua faili ya mgonjwa kabla hajaketi.

Hata hivyo, kumbukumbu peke yake haitoshi. Kuanzia Machi 2013 hadi Julai 2014, watu 634 katika majimbo 29 ya Marekani na Puerto Rico waligunduliwa kuwa waliugua Salmonella iliyohusishwa na kuku wa kampuni ya Foster Farms. Nambari za viwanda zilizochapishwa kwenye pakiti na uchunguzi wa chembechembe za urithi za vijidudu viliwaonyesha wataalamu mapema walikotoka kuku hao. Lakini kampuni ilirudisha nyama kutoka madukani Julai 2014, baada ya nyama iliyokutwa nyumbani kwa mgonjwa kuwa na vijidudu vinavyolingana na vyake. Maandishi yalikuwepo. Kilichochelewa ni uamuzi wa wanadamu.

Sisi tumefika wapi

Hapa Kenya hatuanzi patupu. Tangu mwaka 2011 hospitali na zahanati zetu zinatuma takwimu za maradhi, yakiwemo ya kuharisha, kwa mfumo wa kompyuta wa DHIS2 unaoonekana nchi nzima. Upande wa mifugo, Kurugenzi ya Huduma za Mifugo ina mfumo wa simu uitwao KABS, ambao maafisa hutumia kuripoti magonjwa ya wanyama. Mwaka 2012 wizara za afya na mifugo zilianzisha kitengo cha pamoja cha maradhi yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Nayo Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vichinjio, udhibiti wa magonjwa ya mifugo na huduma za madaktari wa mifugo, pamoja na hospitali za kaunti. Kwa hivyo daktari wa watu na daktari wa kuku katika kaunti sasa wana mwajiri mmoja.

Kinachohitajika ni mafaili yao yasome habari moja. Daktari huhesabu wanaoharisha. Afisa wa afya ya umma hukagua hoteli. Mkaguzi wa nyama huhesabu kuku aliowakataa. Kila mmoja ana kipande cha habari, na mlaji hupata hasara kwa sababu vipande hivyo havikutani. Idadi ya wanaoharisha Marani ikipanda wiki ileile ambayo kichinjio kinachohudumia eneo hilo kimeripoti jokofu lililoharibika, mtu mmoja anapaswa kuyaona mambo hayo mawili kwenye ukurasa mmoja.

Umuhimu wake ulijitokeza Januari 2017, homa ya ndege ilipozuka Uganda na Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko. Ugonjwa kama huo ukivuka mpaka, swali la kwanza ni kuku wa wapi wameuzwa wapi. Penye kumbukumbu, serikali inaweza kufunga njia zilizohusika tu. Pasipo na kumbukumbu, hufungwa soko zima, na yule mama wa kuku ishirini anapoteza karo ya mwanawe kwa kosa lisilo lake.

Baadhi ya wafugaji huogopa kwamba majina yao yakiingia kwenye kompyuta watatozwa kodi au kuaibishwa. Hofu hiyo isipuuzwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka habari za mtu zitumike kwa kazi zilizokusudiwa tu. Mfugaji akiona kwamba anachopata kutokana na kumbukumbu ni ziara ya daktari wa mifugo, atasema kweli. Akiona kwamba anachopata ni askari wa kaunti, atamuuzia broka usiku.

Kompyuta haina macho

Kabla sijamaliza, nitaje mipaka. Kompyuta haimkagui kuku. Mkaguzi asiyefika kichinjioni lakini anajaza "wote wazuri" akiwa nyumbani amehifadhi uongo nadhifu. Dalili moja ya uongo huo ni kichinjio ambacho hakikatai kuku hata mmoja mwezi mzima. Msimamizi mwerevu huishuku sifuri kuliko anavyoishuku tisa.

Isitoshe, kuku wengi nchini hawapiti kwenye kichinjio chochote. Huchinjwa nyumbani, au nyuma ya hoteli, juu ya gunia. Kuku hao hawana mkaguzi, na asiye na mkaguzi hana kumbukumbu, iwe ya karatasi au ya kompyuta. Kaunti inayonunua simu za kisasa bila kujenga kichinjio cha kuku chenye maji safi na mkaguzi wa kutosha imenunua kifuniko kabla ya sufuria.

Wewe ufanye nini

Usingoje serikali imalize yake. Yafuatayo yako mikononi mwako.

Muulize muuzaji maswali matatu: huyu kuku alichinjwa wapi, lini, na nani alimkagua? Wanunuzi wengi wakiuliza, wauzaji wataanza kuandika ili wapate la kujibu.

Weka kumbukumbu yako. Ukilipa kwa M-Pesa, ujumbe unaobaki kwenye simu una tarehe, saa, kiasi na jina la uliyemlipa. Usiufute kwa siku saba. Ukiugua, ujumbe huo unaweza kuwa shahidi wa pekee aliyebaki.

Usioshe kuku mbichi kwa maji yanayoruka. Matone hutapakaza vijidudu kwenye kachumbari na vyombo. Kisu na ubao uliokatia kuku mbichi usivitumie kwa kingine kabla hujavisafisha kwa sabuni na maji moto, na unawe mikono.

Pika hadi nyama ya ndani, karibu na mfupa wa paja, isiwe na wekundu wowote na mchuzi wake utoke bila damu. Mwenye kipimajoto ahakikishe imefika nyuzi 74 za Selsiasi. Kilichobaki kiwekwe kwenye jokofu ndani ya saa mbili.

Ukianza kuharisha, kunywa maji yenye chumvi na sukari. Yatengeneze kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Nenda hospitali upesi ukiona damu kwenye choo, homa kali, kizunguzungu, au mtoto aliyelegea na kuingia macho. Usinunue dawa za kuua bakteria kwa kukisia.

Daktari akikuuliza ulikula nini siku tano zilizopita, usimwone kuwa anapoteza wakati. Mtajie chakula, mahali, siku, na watu uliokula nao. Anajaribu kusoma daftari ambalo halikuandikwa. Siku mkaguzi wa kuku wa Marani na daktari wa Marani watakapofungua ukurasa mmoja, swali hilo litajibiwa kabla hujaulizwa, na mtu mwingine ambaye humjui, aliyenunua kuku wa kundi lilelile, atalala usiku mzima bila kuugua.